Kifaru Aliyeitika Wito Akakataa Neno

Nawaita! Mmeitika? Basi sogeeni, maana leo sina hadithi ya kuwabembeleza mkalale. Nina kesi.

Upenuni kwa Mwanakombo, hapa Tanga, huwa tunacheza mchezo wa dadu na visa. Kila mchezaji ana shujaa wake wa kubuni, dadu huamua kama amefaulu, na mimi ndiye mwamuzi. Safari hii wachezaji wangu wote watatu walichagua mashujaa waitaji, watu wasioshika upanga. Wao wakiita, kitu kinakuja. Nikapima nguvu zao zilingane. Anayeita wengi, aite wadogo. Anayeita mkubwa, aite mmoja, na mkubwa huyo aweze kukataa amri. Anayeita wafu, apewe sentensi moja tu. Kupima najua, msinifundishe.

Mwanakombo akachagua kuita nyuki. Shaweji, kifaru. Time akachagua mzimu wa bibi, akaupa jina la bibi yake wa kweli, Bi Mwanashehe, tuliyemzika mwaka jana.

Wakalifuata zimwi pangoni, nalo likawajeruhi wote kabla hawajafumbua kinywa. Ndipo wakaita. Nyuki wakaja, kifaru akatokea mlangoni, na mzimu ukasimama kando ya Time.

"Bibi, tufanyeje?"

Mzimu ukatoa sentensi yake: "Kwanza lipofueni."

Mwanakombo tangu nimjue hasikii la mtu, ila siku hiyo alisikia. Akawatuma nyuki wote machoni. Zimwi likapofuka, likakimbilia mlangoni likipiga mayowe.

"Kifaru, liponde!" Shaweji akarusha dadu. Ikaangukia moja, maana yake mnyama amekataa, na kanuni yangu inasema mnyama akikataa hulala pale alipo. Kifaru akalala mlangoni kama gunia la chumvi. Zimwi likajikwaa juu yake, likaanguka, likavunjika shingo.

Tukashangilia mpaka jirani akachungulia. Kisha nikawaonyesha kilichokuwa kiganjani mwa zimwi: mbegu moja ya uhai, isiyogawika. Mashujaa wote watatu wana majeraha ya kufa. Atakayeimeza ataishi, wawili watafutwa, wao na wanaowaita.

"Ni yangu," akasema Time. "Bila neno la bibi mngejua nini?"

"Neno halipofui mtu, shoga. Waliopofua ni nyuki wangu."

"Na limefia juu ya nani?" akauliza Shaweji.

"Juu ya mnyama aliyekukataa!" akadakia Mwanakombo.

"Lakini alikuja! Wahenga walisema, usikatae wito, kataa neno. Kifaru wangu ana adabu kuwashinda nyinyi."

Tukacheka, wote isipokuwa Time.

"Mimi sitaki kumzika bibi mara ya pili," akasema.

Niliumia, kwani Bi Mwanashehe nilimpenda. Ila huruma si hukumu. Nilitaka nguvu zao zilingane, na zimelingana hadi zinanitoa jasho.

Kesho baada ya alasiri wanarudi kuchukua jibu. Mbegu yenyewe ni punje ya mbaazi, hii hapa mkononi mwangu. Nimewaita mkaitika, sasa na neno msinikatalie. Apewe aliyeshauri, aliyetii, au aliyemleta mkaidi aliyewaokoa?

Je, wewe ungeamua vipi?