Kidole Katika Asali ya Nyanzala

"Toa kidole chako kwenye asali yangu!"

"Kidole cha mlinzi wa Jumbe ni kidole cha Jumbe, dada. Tulia nionje."

"Kwani kwa Jumbe hakuna maji ya kunawa?"

Ndivyo walivyogombana kwenye lango la mji wa Lukwale, zamani za mababu wa babu zetu, Magema mlinzi na Nyanzala binti Igoko, mjukuu wa Nkamba Mvunja-Miamba, mwanamke wa mabega mapana aliyebeba mizinga ya nyuki mgongoni kama wengine wabebavyo mtoto. Wakati huo palikuwa na desturi iliyoitwa kionjo: kila mchuuzi alipoingia, walinzi walichovya vidole katika uji, samli na asali yake, kwa mikono iliyotoka kukuna vidonda vya mbwa, na chakula kikishachafuliwa hakuna aliyekinunua. Wachuuzi wakawa wanauhama mji, na soko, lililojaa vinyesi na maganda yaliyooza, likanuka hadi barazani kwa Jumbe Mpembwa, naye akaziba pua na kuwalaumu wachuuzi.

Siku hiyo Nyanzala, Simba Jike wa Igoko, aling'oa nguzo za lango akazitupa mtoni, kisha akamimina vyakula vyote vilivyoonjwa katika chungu kimoja, pamoja na nzi na nywele zilizokuwamo, akakiweka mbele ya Jumbe.

"Kula, baba. Ni vidole vyako."

Jumbe alionja, akatapika mbele ya wazee wake.

"Umetapika tonge moja," akasema Nyanzala, "sisi tumeyala haya tangu tuzaliwe. Mwenye mji hufagia soko, huchimba kisima, hujenga banda la kivuli, kisha humwacha muuza uji auze uji wake."

Jumbe akashika ufagio. Magema akachimba kisima huku akilalamikia mgongo, na wanawake wakamwambia, "Onja na udongo basi!" Waliohama wakarudi, mji ukasimama upya, ndiyo maana twajiita wana wa Nyanzala, na hadi leo hakuna mchuuzi wa Lukwale atandikaye bidhaa kabla kiongozi hajafagia.

Wazee, waliozoea kulamba miguu ya watu, wakamletea Nyanzala kiti cha Jumbe, wakapiga magoti wamtawaze. Aliwatazama kama mtu atazamavyo funza ndani ya nyama. Akajitwika mizinga yake, akaondoka, wala hakuonekana tena. Ila alipofika palipokuwa na lango aligeuka, akasema:

"Mkininyenyekea hivi, nami nitaoza."