Mhunzi Aliyependa Kupika Mbege

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitikia kama watu wenye njaa, na chakula mmekula sasa hivi. Paukwa!

Pakawa!

Haya, hiyo ndiyo sauti. Sogeeni. Na wewe unayechokoa moto, uache, haujakukosea kitu.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo ndovu na binadamu walisutana kwa lugha moja, paliondokea mhunzi mlimani, jina lake Kirumbuyo. Alifua majembe, akafua mapanga, akafua vikuku vya maharusi. Asubuhi ko! ko! ko! Adhuhuri ko! ko! ko! Jioni ko! ko! ko! Siku moja akaiweka nyundo chini, akamwita mkewe, Ndeshi.

"Mke wangu, mikono yangu imechoka kugonga. Nataka kitu cha kuifurahisha. Nataka kujifunza kupika mbege."

Mbege, kwa nyinyi msioufahamu mlima, ni pombe ya ndizi mbivu na ulezi. Ndeshi alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Kuna arusi?"

"Hakuna arusi."

"Kuna matanga?"

"Hakuna matanga."

"Basi unataka kuuza?"

"Siuzi. Nataka kupika tu, kwa raha ya kupika."

"Mume wangu, nyundo unaijua, pombe huijui."

"Hata hiyo nyundo sikuzaliwa nayo," akasema Kirumbuyo, akaenda kukata ndizi.

Alipika. Lakini mhunzi ni mhunzi, jamani. Ndizi zinataka moto wa taratibu, yeye akaleta mivukuto ya kiwandani kwake, akavukuta, akavukuta, akavukuta, mpaka chungu kikalia. Akaloweka ulezi ukachipua, akauanika, akausaga, akaupikia uji, akauchanganya na maji ya ndizi kwenye mtungi. Hapo sawa. Kisha akaufunika mtungi, na mhunzi akifunika kitu hukifunika kwelikweli. Akaziba mdomo kwa udongo wa mfinyanzi, akaukandika, akaupiga na kigongo. Pombe inayochachuka inataka kupumua, nayo ikakosa pa kupumulia. Watu wamekaa wanakula, wakasikia: PUU! Mtungi ukapasuka, paa likatoboka, na kuku wa Ndeshi wakakimbilia kwa jirani, wakataga huko muda mrefu kwa hasira.

"Mume wangu, nyundo unaijua, pombe huijui."

"Hata hiyo nyundo sikuzaliwa nayo."

Akapika tena. Safari hii hakufunika sana, lakini hakuwa na subira. Alikuwa amezoea chuma, na chuma hufuliwa kikiwa moto. Akaumimina uji wa ulezi kwenye mtungi ukiwa bado unafuka. Pombe ikafa. Haikutoa povu, haikutoa harufu, ikakaa tu kama maji ya kuoshea vyombo. Komba aliyekaa juu ya mti nyuma ya nyumba, na komba mnamjua kwa ulevi, alishuka akaonja, akatema, akafuta ulimi kwa mkia wake.

"Fundi," akasema Komba, "mimi nimekunywa vitu vingi vya aibu. Hiki sinywi."

Ndeshi akafungua kinywa, Kirumbuyo akamwahi: "Najua, mke wangu. Najua. Nyundo naijua."

Wakacheka wote wawili. Tangu hapo Ndeshi akawa anapita pale jikoni bila kusema kitu, anaugusa uji kwa kidole na kumwambia, "Bado moto. Ngoja." Naye anangoja.

Sasa msidhani mlima ule ulikuwa na kicheko tu. Watu na ndovu walikuwa na ugomvi mkubwa. Ndovu waliingia migombani wakala, wakakanyaga, wakang'oa. Watu nao wakachimba mashimo marefu kwenye njia za ndovu, wakayafunika kwa matawi. Ndovu akitumbukia hatoki. Leo ndovu analia, kesho binadamu analia, mpaka pande zote mbili zikachoka kuzika.

Ndipo Mangi, mtawala wa mlima, alipotuma salamu kwa Bibi Ndovu, kiongozi wa kundi. Na Bibi Ndovu akajibu, "Nitakuja. Lakini suluhu kavu siitaki. Nataka ninywe kwenu."

Mangi akawaita wapishi wa pombe wote. Akasema, "Mnajua mwiko. Pombe ya suluhu haitoki kwenye mtungi uliowahi kwenda sokoni. Nani ana mtungi ambao haujamuuzia mtu?"

Wapishi wakatazamana. Mmoja akasema, "Wangu umeshauza." Mwingine akasema, "Wangu pia." Wa tatu akaangalia miguu yake.

Ndeshi, na mdomo wake ule, akasema, "Wa mume wangu haujafika sokoni. Ulifika darini tu."

Watu wakaangua kicheko. Mangi hakucheka. "Basi Kirumbuyo atapika," akasema. Na kicheko kikakatika, maana kila mtu alikumbuka ile PUU.

Kirumbuyo aliogopa, msione haya kulisikia hilo. Alirudi nyumbani. Lakini aliingia kazini. Akachemsha ndizi kwa moto wa taratibu mpaka zikaiva nyekundu. Akaziacha zipoe, akaziacha zilale, akaziacha zichachuke zenyewe. Akausubiri ulezi uchipue, ukauke, upikwe, upoe. Akaufunika mtungi kwa jani la mgomba tu, ukapumua vizuri, ukaimba: bwi, bwi, bwi.

Ilibaki kitu kimoja. Mbege nzuri inataka uchungu kidogo, na uchungu huo hutoka kwenye gome la mti uitwao msesewe. Kirumbuyo alikwenda msituni kulibandua mwenyewe. Ukungu ulikuwa mzito, na miti ikafanana, hata ile yenye sumu. Angerudi kumuuliza Ndeshi, lakini kiburi cha mwanagenzi mnakijua: alitaka aseme, "Nimepika peke yangu." Komba alikuwa juu ya tawi, akamwambia, "Fundi, gome ni gome. Bandua twende." Akabandua.

Siku ya suluhu ikafika. Jua lilikuwa utosini. Watu wamekaa upande huu wa uwanja, ndovu wamesimama upande ule, katikati mtungi. Harufu yake ilikuwa nzuri hata wale wapishi wakanusa wakasogea.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye kisa. Kule mlimani, mwenye pombe huonja kwanza. Anachota mbele ya wageni, anakunywa, wote wanamwona, ndipo anawapa. Hata umkaribishe mama yako mzazi, unaonja kwanza. Kirumbuyo aliyajua haya tangu utotoni. Lakini alikuwa na hamu ya kuuona uso wa mgeni akinywa pombe yake, hamu iliyomfanya kipofu. Akaukokota mtungi mzima hadi miguuni pa Bibi Ndovu. "Karibu, Bibi. Kunywa."

Ndeshi akashtuka. Alitaka kupiga kelele, lakini mkonga ulikuwa umeshaingia mtungini.

Bibi Ndovu akanywa. Akanywa tena. Akafumba macho. "Tamu," akasema. "Na uchungu wake umekaa mahali pake."

Kirumbuyo nusura aruke. Bibi Ndovu akamgeukia Mangi, akasema, "Kuanzia leo, sisi tutapita bondeni, migombani hatuingii." Mangi akajibu, "Na sisi kuanzia leo hatuchimbi shimo." Wakakubaliana mbele ya wote. Kisha Bibi Ndovu akatembea polepole hadi kivulini, akakunja magoti ya nyuma, akakunja ya mbele, akaanguka ubavu. Tii!

"Bibi!" wakaita ndovu. Hakujibu. "Bibi!" Hakujibu. "Bibi!" Wapi.

Mdogo wake, ndovu mwenye pembe moja, akaja mbio hadi ardhi ikatikisika. "Tangu nizaliwe sijamwona dada yangu ameanguka hivi! Mmempa nini?"

"Mbege tu," akasema Kirumbuyo.

"Nani aliyeonja?"

Hapo Kirumbuyo akakumbuka. Watu wakatazamana, wakanong'onezana: hakuonja, hakuonja, mwenye pombe hakuonja.

"Mimi nilionja!" sauti ikatoka juu ya mti. Alikuwa Komba, anayumba kwenye tawi. "Nilionja alfajiri kwa siri, nikaonja asubuhi kwa siri, nikaonja tena kabla hamjaja! Haina neno lolote, mimi mzima kabi..."

Pu! Komba akaanguka chini, miguu juu, hatikisiki.

Aa, jamani! Shahidi gani huyo? Mama mmoja akapiga yowe, "Wawili sasa! Ni sumu!"

Pembe Moja akageuza uso kwa kundi lake, kisha kwa watu. "Jua linashuka. Likigusa ule mgongo wa mlima na dada yangu hajaamka, tutapita juu ya nyumba zenu zote. Na tutaanza na ya mhunzi."

Kirumbuyo akamwangalia mkewe. Machozi yalimtoka. "Ndeshi, gome nililibandua kwenye ukungu. Miti ilifanana. Sikuuliza mtu. Sijui, mke wangu. Kweli sijui kama ulikuwa msesewe."

Akachukua kata, akachota masalio ya mtungini. "Nilipaswa kuonja kwanza. Nitaonja sasa. Kama ni sumu, iniue na mimi, nyumba za watu ziachwe."

Akainua kata. Ndeshi akamshika mkono.

"Lete."

"Ndeshi, hapana!"

"Lete, nimesema. Nimekucheka wewe, nimekucheka mbele ya watu. Lakini tangu unioe hujampa mtu jembe bovu, na ukiona ufa kwenye panga unalifua upya hata mwenyewe akikuambia liache. Naogopa, sitakudanganya. Lakini mkono wako naujua." Akanywa nusu, macho makavu. Akampa nusu. Kirumbuyo akanywa, akaiweka kata chini.

Wakakaa chini, wameshikana mikono, wanangoja kufa.

Jua likashuka kidogo. Wakaulizana. "Tumbo?" "Zima." Jua likashuka tena. "Kichwa?" "Kizima." Jua likakaribia mgongo wa mlima, na ndovu wakaanza kupanga mstari. Akina mama wakawabeba watoto. Mangi mwenyewe akavua joho lake la ngozi ili aweze kukimbia.

Ndipo ikasikika sauti. Hhhrrrrooo! Watu wakadhani ni ngurumo. Hhhrrrrooo! Majani yakapeperuka. Hhhrrrrooo!

"Anakoroma," akasema Ndeshi taratibu. Kisha akapaza sauti, "Anakoroma! Bibi anakoroma! Msikilizeni!"

Sikio moja la Bibi Ndovu likacheza. Jicho likafunguka. Akaona uwanja mzima umemkodolea macho, kundi lake limepanga mstari wa vita, na mdogo wake anatetemeka.

"Mna nini?" akauliza. "Mtu hawezi kulala?"

Pembe Moja akamwangukia shingoni, akalia kwa sauti. "Dada, tulidhani umekufa! Hujawahi kulala hivi! Wewe hulala umesimama!"

Bibi Ndovu alijivuta, akakaa, akautandaza mkonga wake juu ya majani.

"Ndiyo," akasema. "Tangu shimo la kwanza lichimbwe, nimelala nimesimama. Nimefumba jicho moja, la pili linaangalia njia. Wewe ulizaliwa ndani ya ugomvi huu, mdogo wangu, ndiyo maana hujaniona nikilala ubavu. Leo nimeambiwa hakuna shimo tena. Nikaona magoti yangu yanakunjika yenyewe." Akamgeukia Kirumbuyo. "Pombe yako ni nzuri, mhunzi, lakini usijisifu. Si pombe iliyoniangusha."

Kirumbuyo akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka kicheko tena. Ndeshi akampiga begani, akamkumbatia, akampiga tena. Akasema mbele ya wote, "Nimefurahi, jamani! Nimefurahi mpaka miguu haina kazi!" Komba naye akazinduka, akauliza kama kuna iliyobaki, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemfukuza.

Lakini vijana waliokuwa wakichimba mashimo hawakucheka. Walikuwa wamesimama pembeni wakimtazama Bibi Ndovu, na majani yaliyoganda kwenye ubavu wake. Hakuna aliyewatuma, hakuna aliyewakaripia. Wakaenda wakachukua majembe, wakateremka njiani, wakaanza kuyafukia yale mashimo, moja baada ya jingine. Baada ya kitambo wakasikia vishindo nyuma yao, wakageuka kwa hofu. Walikuwa ndovu, Pembe Moja mbele, wamekuja kuwasukumia udongo kwa miguu.

Hadithi yangu imekoma hapo, kwenye shimo la mwisho. Nanyi ondokeni mkalale. Laleni ubavu.