Blanketi Kwenye Mizani

Kaeni vizuri. Kisa changu hakina sultani wala jini. Kina madaktari watatu, wote wakaidi. Tunu Sanga, wa hospitali moja huko Njombe, alijaliwa jicho la kuona yanayowapita wengine. Mpitiaji wa makala, yaani daktari anayezikagua kabla hazijachapishwa, ambaye kwa desturi ya kazi hiyo jina lake hufichwa, alijaliwa shaka. Mzee Kapufi, mhariri wa jarida la tiba, alijaliwa msimamo.

Tunu ndiye aliyegundua kwamba vichanga waliodungwa dawa fulani ya maambukizi wodini kwake walikuwa wakipoteza usikivu. Wenzake walisema ni bahati mbaya. Akakataa katakata, akawafuatilia watoto nyumba kwa nyumba, matope na ukungu, kisha akaandika makala: dawa hii ipigwe marufuku.

Mpitiaji naye akaisoma, akauliza swali moja tu: "Huko kwenu kuna baridi. Watoto mliwapima uzito wakiwa na nguo?"

Tunu aliwaka. "Huyu ndiye wa kunifundisha kupima watoto?" Hata hivyo alikwenda wodini, akamkuta muuguzi akimweka mizanini mtoto aliyefungwa blanketi gubigubi, asipigwe na baridi. Dozi hukadiriwa kwa uzito; kumbe zote zilizidi, zilikuwa za mtoto pamoja na blanketi lake! Dawa haikuwa na kosa, na kama ingepigwa marufuku, vichanga wangekufa kwa maambukizi.

Tunu alipokiri kosa hilo, bodi ya jarida ikataka makala itupwe. Mzee Kapufi akagoma. "Mkiitupa, tafuteni mhariri mwingine. Dokta Tunu, rudi ukapime upya."

Akapima upya, mtoto mmoja mmoja, blanketi pembeni. Makala ikatoka, hospitali za nyanda za juu zikabadili upimaji, na watoto waliofuata wakapona huku wakisikia sauti za mama zao.

Ikaja nishani, moja tu. Tunu alipovishwa jukwaani, moyo ulimuuma. Akaivua, akamgeukia Kapufi.

"Mzee, nitajie jina la mpitiaji."

"Nilimwahidi siri. Siri ikivunjwa, nani atathubutu tena kumkosoa mkubwa?"

"Basi chukua wewe."

"Mimi sijamgusa mtoto hata mmoja."

Bila Tunu, hakuna ambaye angejua. Bila lile swali, dawa ingeondolewa. Bila Kapufi, makala ingeishia jalalani. Tunu bado yuko jukwaani, nishani mkononi, na ameapa hashuki nayo mpaka ipate mwenyewe. Haya, nyinyi mnaonisikiliza: mngemvisha nani?