Bawa la Kidole Kimoja

Palikuwa na mama mmoja, wapendwa, tumwite Mama Sekela, aliyeuza midoli ya mitumba sokoni. Siku moja alifungua belo, na katikati ya vigari visivyo na magurudumu akakuta mdoli wa kiumbe asichopata kukiona: mdomo mrefu kama wa korongo, mabawa ya ngozi kama ya popo. Hakukiuza. Mwalimu mmoja, mteja wake, akamweleza kwamba huyo ni wa jamii ya mijusi walioruka angani zamani mno, kabla mwanadamu hajakanyaga dunia, na kwamba wengine wakisimama walilingana na twiga. Tangu hapo, kila belo likifunguliwa aliwatafuta hao kwanza. Kwa miaka tisa akapata thelathini na wawili. Aliwapanga kabatini sebuleni, akawafuta vumbi kila Jumamosi, na mgeni akinyoosha mkono aliombwa kwa upole atazame tu.

Mumewe alikuwa seremala, na presha ya macho ilikuwa imemnyang'anya nuru yote. Mtu aliyezoea randa na msumeno, miaka minne yuko kwenye kochi, mikono juu ya magoti. Hata vifungo vya shati anafungiwa. Alikuwa akimsikia mkewe akifuta midoli, na Jumamosi moja akaomba ashikishwe mmoja tu.

"Hapana, Baba Sekela," mkewe akamjibu. "Ni wembamba hawa. Utavunja."

Hakuomba tena. Niwaulize, kuna neno linalomzeesha mtu kama hilo?

Wiki iliyofuata mvua ilifukuza wateja, Mama Sekela akarudi nyumbani mapema. Akakuta kabati li wazi. Mumewe amekaa sakafuni, midoli yote imemzunguka, mmoja yuko mikononi mwake. Hasira ikampanda. Lakini mume alikuwa ameshazitambua hatua zake, akamtangulia kusema, polepole:

"Mama Sekela, njoo uone. Bawa hili lote limeshikwa na kidole kimoja."

Alitaka kubisha. Akapiga magoti. Penye kikunjo cha bawa palikuwa na vidole vitatu vidogo vyenye kucha. Cha nne kilikuwa kimerefuka, kimerefuka, hadi ncha ya bawa, na ngozi yote imetundikwa hapo kama shuka kwenye kamba. Akachukua mwingine. Vilevile. Wa tatu, vilevile. Miaka tisa anawafuta, hajapata kuliona hilo.

Mume akauliza wale wa kweli walikuwa wakubwa kiasi gani. Akamwambia alivyosikia kwa mwalimu: wengine kama twiga.

Yule mzee akakifuata kile kidole kirefu hadi ncha ya bawa.

"Twiga akapaa kwa kidole," akasema. "Na hapakuwa na mtu wa kumtazama. Mungu peke yake ndiye aliyemtazama."

 Mama Sekela akaangalia ile midoli, thelathini na wawili, wazima wote. Kisha akauona mkono wa mumewe, wenye makovu ya patasi, ukipapasa bawa taratibu kama mtu anayesoma. Akaushika. Akavihesabu vidole vyake kimoja kimoja, machozi yakimtoka.

Wapendwa, mnangoja niseme kwamba kipofu aliona na mwenye macho hakuona. Hilo mmeshalisema wenyewe mioyoni. Mimi nina swali gumu zaidi: nyumbani kwako, nani umemwambia "utavunja"? Ni baba aliyepooza? Ni binti aliyekosea mara moja, na tangu siku ile hakabidhiwi hata ufunguo? Sisi tunamstaajabia Mungu kwa viumbe waliokufa kabla ya babu wa babu zetu, na hapo ubavuni petu ipo mikono aliyoiumba juzi tu, tumeiacha izeeke bure juu ya magoti.

Leo ukifika nyumbani, hata viatu hujavua, mtafute mtu huyo. Mpe kitu ashike. Kisha ukae chini, unyamaze, akuonyeshe.