Fisi Asiyekataa Karibu

Mwaka ule wa ukame, swala walihamia mbali, na hata Simba, na majivuno yake yote, akawa anakula mbaazi. Msicheke. Njaa haijui mfalme.

Mbaazi hizo za nazi alizipika Bi Kanga, mjane mwenye vifaranga tele. Zamani kibanda chake kilijaa wateja. Siku hizo walikipita mbio kama kina upele. Fisi akajifanya mshauri.

"Tatizo ni chumvi, Bi Kanga. Hebu nionje." Akaonja bakuli zima. "La, si chumvi, ni nazi. Niongeze kidogo." Basi chungu kiliisha, tatizo halijajulikana!

Bi Kanga akapunguza chumvi, akazidisha nazi. Wapi! Mambo yaleyale.

"Kesho nikikosa wateja, nafunga," alimwambia Sungura, machozi yakimlenga. "Wanangu sijui watakula nini."

Sungura akaagiza bakuli. "Mbona tamu! Basi kosa si la chungu."

Mara Fisi akatoka kichakani, akapita polepole. Sungura, kwa adabu, akasema, "Karibu tule!"

Sasa, kila mwenye malezi anajua jibu lake: "Ahsante, nimeshiba," hata kama tumbo linanguruma. Fisi yeye alijibu, "Nimekaribia!" akatumbukiza mdomo. Bakuli likabaki linang'aa.

"Umeona?" Sungura akanong'ona Fisi alipoondoka. "Kila anayekula hapa, analiwa chakula chake na huyu."

"Ala! Sasa niwakataze wateja kukaribishana? Watasema Kanga kafilisika mpaka adabu!"

"Usimkataze mtu. Kesho andaa bakuli kubwa tu."

Kesho yake Sungura akamleta Simba. Bi Kanga akampakulia bakuli kubwa. Simba akawa anakula uso juu, asije akaonekana anafurahia mbaazi. Kichaka kikatikisika, Fisi akapita, macho kwenye bakuli.

"Karibu," Simba akatamka bila kumtazama. Tangu azaliwe, hakuna aliyethubutu kumwitikia.

"Nimekaribia!"

Simba alipoinamisha uso, bakuli lilikuwa limelambwa.

"Nani kala mbaazi zangu?"

"Si umenikaribisha mwenyewe, mfalme?"

Lo! Kofi alilopigwa kiunoni ndilo linalomfanya mpaka leo atembee kama anataka kuchuchumaa.

"Bi Kanga," Simba akanguruma, "mgeni huyu yuko hapa tangu lini?"

"Tangu mvua zikatike, mzee wangu."

"Basi mpe mtungi. Atakuchotea maji mpaka mvua zirudi."

Wateja wakarudi, Bi Kanga akainjika na chungu cha pili, vifaranga wakanenepa. Kila Fisi alipopita na mtungi kichwani, walaji wote walipaza sauti: "Karibu tule, Fisi!"

Fisi humtazama Simba, akameza mate. "Ahsante," hujibu kwa unyonge, "nimeshiba."

Bi Kanga hucheka mpaka upawa umponyoke. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.