Do ya Nyangeta

"Ampandishiaye mwenzake wimbo, kiitikio chamngoja."

Shangazi Mugesi alilisema hilo huku akipepeta maharage, na wasichana wakaacha kuchambua.

"Limetoka wapi hilo neno, shangazi?"

"Hapa hapa kwetu. Chambueni, niwaambie lilivyoanza."

Palikuwa na kikundi cha vijana wa kanisani, ndio kwanza kimeanza. Hawakuwa na kinanda wala gitaa, waliimba kwa midomo mitupu. Mazoezi walifanyia kwenye ghala la pamba kwa sababu lilikuwa linarudisha sauti. Sasa, asiye na kinanda lazima awe na mtu wa kutoa do, ile sauti ya kuanzia. Kwao mtu huyo alikuwa Nyangeta. Huyo binti alijaliwa sikio. Hata ukimwamsha usingizini, do anayokupa ni ile ile ya jana. Do ikishatoka, kila mmoja anapata sauti yake hapo, na mbele za watu hakuna kuomba nyingine. Ndiyo ilikuwa sheria yao.

Nyangeta ndiye pia aliyekuwa akiongoza beti, mpaka akaja Wegesa.

Wegesa alihamia kwa mjomba wake, msichana mwembamba, anacheka ovyo. Siku ya kwanza tu wakamwambia ajaribu ubeti, na Magige, besi wao na kiongozi wao, akasahau kuingia.

"Samahani jamani," akasema, "nilikuwa nasikiliza."

Wote wakacheka. Nyangeta naye alicheka, ila kicheko kilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Makambi, ile mikutano ya kanisa ya hemani, yalipokaribia, wakaambiwa wataimba Sabato, mbele ya makanisa yote. Magige akagawa kazi. Beti aongoze Wegesa.

"Nyangeta, wewe chukua ile sauti ya juu kabisa kwenye kiitikio. Hakuna mwingine anayeifikia."

"Sawa," akajibu. Moyoni akasema, wamenitupia makombo. Tangu hapo kiitikio alikiimba akiangalia dirishani.

Angevumilia, labda. Lakini jioni moja alimkuta mama yake anaosha vyombo na kuimba ule ubeti, tena kwa madoido ya Wegesa. Mama yake mwenyewe. Hilo ndilo lililommaliza.

Akaanza kumchunguza Wegesa mazoezini. Aliona kuwa mwisho wa ubeti, pale wimbo unapopanda, shingo yake hukaza. Ukizidi hapo kidogo tu, atavunjika.

Sabato ikafika, hema limejaa mpaka nje. Wegesa alikuwa anasugua viganja.

"Dada, usiniache mbali," akamnong'oneza.

"Nikuache niende wapi?" Nyangeta akatabasamu, akatoa do.

Aliitoa juu kuliko ile ya siku zote. Magige akamgeuzia macho, lakini do ilishatoka.

Wegesa akaimba, akapanda. Nyangeta alikuwa anangoja tu kusikia kitu kikikatika. Shingo ya Wegesa ikakaza, sauti ikawa nyembamba kama uzi, na uzi haukukatika. Watu wakaitikia amina. Nyangeta bado ameukasirikia ule uzi, kiitikio kikafika. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba sauti ya juu kuliko zote ni yake.

Alifungua kinywa, ikatoka sauti ya jogoo anayejifunza kuwika. Watoto waliokaa mbele wakaangua kicheko. Akajaribu tena, ikatoka hewa. Wegesa, bila kumtazama, akaiacha sauti yake akaichukua ile ya Nyangeta, ila kwa chini, akaibeba mpaka wimbo ukaisha.

Nyuma ya hema Magige akasema, "Mimi leo nimeimba besi nimesimama kwa vidole." Hakuna aliyecheka.

"Dada, ile do uliitoa wapi?" Wegesa akauliza.

Nyangeta alichimba mchanga kwa kiatu. "Nilitaka ikushinde."

Wegesa akajigusa shingo. "Kidogo inishinde," akasema.

"Haya," Magige akasema, "mkimwona mtu anampandishia mwenzake wimbo, mwambieni kiitikio kinamngoja."

Alasiri walitakiwa kuimba tena. Nyangeta akasema mtu mwingine atoe do.

"Toa wewe," Wegesa akamjibu. "Mwenye sikio ni wewe. Lakini nitakuwa nakuangalia."

Wakasimama mbele za watu. Wivu ulikuwa pale pale kifuani, unachoma. Tena alijua kuwa hata akiishusha sana do, sauti ya Wegesa itazama isisikike. Akavuta pumzi, akatoa do ya ghalani, ile ile. Wegesa akaimba kuliko siku zote, mama mmoja akafuta machozi kwa kanga, na Nyangeta akalazimika kusikia kila neno. Kiitikio kilipofika, naye alikifikia.

"Kwa hiyo wivu ukamwisha?" msichana mmoja akauliza.

"Nani kakwambia?" Shangazi Mugesi akapuliza makapi. "Aliacha kupandisha, basi. Ampandishiaye mwenzake wimbo, kiitikio chamngoja."