Mtani Halipi Kiingilio

Wewe uliyeegemea nguzo, acha kuguna. Sijafungua mdomo na wewe umeshaguna. Unasema kiboko hawezi kuweka kiingilio. Ulishamwuliza? Redio ikisema kesho mvua, unaanua mahindi yako yote, kesho jua linawaka kutwa, na redio huitukani. Lakini mimi nikisema kiboko alijenga geti, mimi ndiye mwongo. Kaa vizuri. Miguu kunja, masikio kunjua.

Nimekuja na uongo!

*Uweke chini tuuone!*

Una chumvi!

*Tutaulamba!*

Una miiba!

*Tutaumung'unya!*

Haya. Hapo kale palikuwa na kiwanja kando ya mto, kikiitwa Nyasifupi. Hakikuwa cha Simba, hakikuwa cha Tembo, kilikuwa cha wote. Asubuhi Bi Panya alianika ulezi wake. Mchana watoto wa Digidigi walicheza rede. Jioni Mzee Nungunungu alitoka kunyoosha mgongo, maana akijinyoosha nyumbani anatoboa ukuta. Na kwenye pembe moja palikuwa na kidimbwi, kina chake hakifiki goti la kuku. Humo Bi Chura alikuwa akilea wajukuu wake, viluwiluwi arobaini. Mkia wanao, mguu hawana.

Siku moja Bwana Kiboko alikwenda kwa Mwenyekiti Tembo.

"Mwenyekiti, naomba kiwanja. Nataka kupiga ngoma, wanyama wafurahi."

"Siku ngapi?"

"Siku moja tu."

Tembo akafikiri. "Na mimi nitakaa wapi?"

"Mbele kabisa, kivulini."

"Basi piga."

Ngoma ikapigwa. Ndu! Ndu! Ndu-ndu-ndu! Wanyama wakacheza, hata Bi Chura akacheza, nani hapendi ngoma? Siku moja ikapita. Kesho yake Kiboko akaleta mieleka. Kesho kutwa akaleta mashindano ya kula, akashinda mwenyewe. Mtondo akaleta mashindano ya urembo, akashinda shemeji yake. Siku moja ikazaa siku ya pili, ya pili ikazaa ya tatu, na zote zilikuwa na afya njema. Mwisho Kiboko akazungushia uzio wa miiba, akaweka geti, akajenga na kibanda, akamsimamisha Ngiri mlangoni.

Bi Panya akaja na ungo wake kichwani.

"Hodi. Nakwenda kuanika ulezi."

"Leo kuna shughuli," akasema Ngiri. "Kiingilio fungu moja la majani mabichi."

"Mimi mkazi wa hapa."

"Mkazi mafungu mawili. Mgeni ametembea akachoka, wewe umechokea wapi?"

Wakaja watoto wa Digidigi na mpira wao. "Leo kuna shughuli." Akaja Mzee Nungunungu na mgongo wake. "Leo kuna shughuli."

"Na kesho?" akauliza mzee.

"Kesho kuna maandalizi ya shughuli."

Bi Chura yeye hakusumbuka na geti. Alikuwa mdogo, akapita chini ya uzio, chwi! Kila siku alikwenda kuwatazama wajukuu zake. Mpaka siku hiyo akakuta kigingi kimechomekwa katikati ya kidimbwi, kimefungwa kitambaa chekundu. Akaruka, akaruka, akamfikia Bwana Kiboko, aliyekuwa anakula. Kiboko hakumpa hata shikamoo, na Bi Chura ni mkubwa kuliko mama yake.

"Kijana, kigingi kile cha nini?"

"Cha jukwaa, bibi. Jumapili nina Tamasha Kuu, wageni wanatoka mito saba. Jumapili asubuhi tunafukia kidimbwi, jukwaa linakaa juu yake."

"Mna wajukuu zangu mle."

"Wahame."

"Wahame kwa miguu ya nani? Nipe siku kumi tu, miguu itaota."

"Bibi, wageni hawawezi kungoja miguu ya viluwiluwi." Akachota bonge jingine la majani. Nya-nya-nya.

Bi Chura hakulia. Na hata angelia, mwili wake ulikuwa umelowa tayari, nani angejua? Alirudi kwenye kidimbwi akakaa juu ya kigingi, akafikiri. Kumpiga Kiboko hawezi. Kumshitaki kwa Tembo, Tembo ana kiti chake kivulini. Akafikiri, akafikiri, mpaka akacheka peke yake.

Ijumaa ngoma za kufungulia zikaanza. Wageni wa mito saba wamejaa, Bwana Kiboko yuko katikati yao kitini. Mara Bi Chura huyo, dwii! Katua juu ya ngoma kubwa.

"Mtani wangu! Kumbe ni wewe! Nilidhani wamekiweka kichuguu kwenye kiti!"

Wageni wakacheka, kwa-kwa-kwa! Kiboko akavimba. Bi Chura hakumpa nafasi.

"Msinishangae, jamani. Chura na kiboko ni watani tangu mababu. Siku ya kugawiwa midomo mikubwa, sisi wawili ndio tuliotangulia kwenye foleni. Yeye akapewa na mwili wa kuubebea. Mimi nikaambiwa miili imekwisha, yote kaibeba huyo aliyetoka."

Wageni wakacheka mpaka wakashikana. Mmoja wao, Pofu mwenye pembe ndefu, akafuta machozi. "Bwana Kiboko, hukutuambia kama una mtani! Shughuli bila watani ni shughuli gani? Bibi huyu peke yake anatosha kuturudisha mwakani."

Kuturudisha mwakani! Kiboko alilisikia neno hilo, na hasira yote ikamshuka kama tonge la moto.

"Ndiyo," akasema, "ni mtani wangu huyu. Mimi mtu wa mila."

"Unaapa?" akauliza Bi Chura.

"Naapa."

"Mwenyekiti, wageni wametoka mbali. Hebu watajie sheria ya utani."

Tembo alipenda kutaja sheria kuliko kuzifuata. Akasimama, akakohoa. "Mtani hapigi hodi. Mtani halipi. Mtani hakasiriki, na akikasirika, kile alichokikasirikia si chake tena, ni cha watani zake. Na utani ni wa ukoo mzima pamoja na majirani."

"Na majirani?" akashituka Kiboko.

"Umeshaapa, mtani," akasema Bi Chura.

Jumamosi asubuhi Bi Panya akaja na ungo wake. Ngiri akasema, "Leo kuna shughuli. Kiingilio?"

"Mtani halipi." Akapita.

Wakaja watoto wa Digidigi na mpira wao. "Kiingilio?"

"Mtani halipi!" Wakapita mbio.

Akaja Mzee Nungunungu na mgongo wake. Ngiri hata hakuuliza.

Basi Bi Panya akaanika ulezi kwenye viti vya wageni wa heshima. Watoto wa Digidigi wakacheza rede katikati ya wapiga ngoma, mpira ukampata Kiboko puani, pa! Kiboko akasema, "Ha ha ha." Bi Chura akaingia kwenye bakuli lake la uji, akaoga, akajisugua na kisigino. Kiboko akasema, "Ha ha ha, watani hawa!" Mzee Nungunungu akajinyoosha kwenye kiti cha Kiboko, akaondoka, akaacha miiba mitatu. Kiboko akakaa.

"Aaaaaa... ha ha ha!"

Kutwa nzima hakukasirika. Alicheka kama mtu aliyebanwa kidole na anaogopa kuwaamsha wakwe, lakini alicheka. Jioni Bi Panya akamfuata Bi Chura.

"Mwenzangu, huyu ngozi yake ni nene mpaka moyoni."

Bi Chura alikuwa anahesabu siku, na kesho ilikuwa Jumapili.

Jumapili asubuhi Kiboko akaja kidimbwini amebeba tope mgongoni, mlima mzima, na Ngiri nyuma yake na jembe. Majirani wote wakakusanyika, na Tembo akaja kuona.

"Mtani!" akasema Kiboko. "Jana mlinitania nyinyi. Leo zamu yangu. Nakutania kwa kukifukia kidimbwi chako. Ukikasirika, si chako tena. Usipokasirika, kimefukiwa. Ha ha ha!"

Na kicheko hicho, tofauti na vya jana, kilitoka tumboni.

Bi Chura akatazama majini. Viluwiluwi walikuwa wanakifuata kivuli cha Kiboko, wanadhani ni wingu la mvua, mikia inacheza. Maneno makali Bi Chura alikuwa nayo ghala zima, na yote yakamjaa kooni kwa mara moja. Koo likavimba. Likavimba. Angesema moja tu, kidimbwi kimekwenda. Akayameza. Yakapanda tena, akayameza tena. Wewe ukimwona chura hata leo, koo linapanda na kushuka, usifikiri anahema. Anameza yale yale.

Kisha akacheka. "Kwaa-kwaa-kwaa! Fukia, mtani wangu! Ila tuelewane. Unawafukia wajukuu zangu, basi hayo ni mazishi?"

"Yaite unavyotaka."

"Mmesikia? Ni mazishi. Na kwenye mazishi mtani hushuka kaburini, hulala humo, na udongo haumwagwi mpaka atoke kwa hiari yake. Mwenyekiti, nadanganya?"

"Hudanganyi," akasema Tembo. "Alipozikwa baba yangu, mtani wetu Fuko alilala humo kutwa. Hatukumwona, kaburi lilikuwa kubwa, lakini tulimngoja."

Chubwi! Bi Chura huyo ndani, chali, tumbo juu. Chubwi! Bi Panya. Chubwi-chubwi-chubwi! Watoto wa Digidigi. Mzee Nungunungu wakambembeleza alale ukingoni, maana mle kuna watoto. Na watani hawalali kaburini kimya. Bi Chura akaanzisha, wengine wakaitika.

"Aliomba siku moja!"

*Oo Kiboko, mnyama wa watu!*

"Akameza mwezi mzima!"

*Oo Kiboko, mnyama wa watu!*

"Akiingia mtoni, maji yanahama!"

*Oo Kiboko, mnyama wa watu!*

"Akitoka, samaki wanatoa sadaka!"

Kule mbele wageni wakasikia vicheko. Mmoja akaja kuchungulia, hakurudi. Wakaja watatu, hawakurudi. Wapiga ngoma wakajikuta wanakipigia kiti kitupu cha Tembo, nao wakaja. Ngiri akaweka jembe chini, akaketi, akacheka mpaka akakoroma.

Jua likapanda. Tope likaanza kukauka mgongoni mwa Kiboko. Likakakamaa. Likapasuka, kra, kra. Likawasha. Kushuka mtoni hawezi, wataimba ameshindwa. Kujikuna hawezi, hajawahi kufika mgongoni mwake tangu azaliwe. Akasimama tu, jasho linachuruzika, anasema "ha," anapumzika, anasema "ha" nyingine.

Pofu akamgusa bega. "Bwana Kiboko, hongera. Tamasha hili halijapata kutokea. Mwakani tuletee la kaburini tu, achana na ngoma."

"Na jukwaa langu?"

"La nini?"

Hapo ndipo. Kiboko akapiga mguu chini, puu! Tope likaruka, likawapaka wageni wote wa mito saba.

"TOKENI! Nimechoka! Kiwanja gani hiki, kila pembe ina mwenyewe!"

Bi Chura akatoa kichwa majini, taratibu. "Umekasirika, mtani?"

"NIMEKASIRIKA!"

"Umekikasirikia nini? Kidimbwi? Kiti? Uji?"

"KIWANJA! KIWANJA CHOTE!"

Hata Ngiri akaacha kukoroma. Tembo akatazama kiti chake kule kivulini, akawatazama majirani walivyomkodolea macho, akaona kivuli kipo popote lakini majirani ni hao hao.

"Si chako tena," akasema.

Uzio ukang'olewa siku hiyo hiyo, Ngiri mwenyewe akiwa wa kwanza kung'oa. Bi Panya akaanika ulezi wake. Watoto wakacheza rede. Mzee Nungunungu akajinyoosha mpaka mifupa ikaimba. Na siku ya kumi viluwiluwi wakaota miguu, minne minne, wakatoka majini mmoja mmoja wakijishangaa.

Ngano yangu imefika mtoni, imekunywa maji, hairudi. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia akamwulize jirani yake, na jirani atamdanganya.

Funzo? Funzo alilitoa Bi Chura, siku alipomfuata Bwana Kiboko kwenye kile kibanda cha Ngiri. Geti limeondoka, kibanda kimebaki, na Kiboko kajibana humo ndani kwa aibu, matako yamegusa ukuta huu na mdomo umegusa ule.

"Mtani," akasema Bi Chura, "majirani tumekaa tukazungumza. Ngoma tunazipenda. Utapiga mara moja kwa mwaka, watoto wa kila mtu wakishaota miguu. Uzio hakuna. Wakazi watakaa mbele na Mwenyekiti nyuma, maana anatuziba."

Kiboko akashusha pumzi. "Asante, bibi. Na shikamoo."

"Marahaba. Sasa shika na funzo, usije ukasema nimekuja mikono mitupu. Mkubwa usimcheke. Penye geti, lipa kiingilio. Mnyama mwenye nguvu akisema siku moja, mwamini. Na zaidi ya yote, kiwanja cha wote si mahali pa kupigia kelele. Anayepiga kelele kiwanja cha wote hana malezi."

Wakati huo mawingu yalikuwa yamekusanyika, na kule kidimbwini wakaanza. Kroo! Kroo! Kroo-kroo-kroo! Arobaini kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Bi Panya akasikika akiwapigia ukuta wanyamaze. Mzee Nungunungu akasikika akiomba Mungu.

Kiboko akatega sikio. "Bibi, na hizo kelele?"

"Kelele zipi?" akasema Bi Chura. "Hao ni wajukuu zangu."

Akatoka, akaufunga mlango.